Kinyozi na Kiti Kilichokatwa Miguu

Kinyozi alikuwa na maneno mengi kuliko nywele alizowahi kukata, na nywele alizowahi kukata zingejaza magodoro ya mtaa mzima. Kibanda chake cha mbao na bati kilikuwa kwenye kona, katikati ya bucha na karakana ya seremala. Ndani mlikuwa na kioo kimoja kikubwa chenye ufa, kiti kimoja, rafu ya mashine na vitana, na chupa ya spiriti ambayo harufu yake ilikupokea kabla hujasalimiwa. Nje palikuwa na benchi la wateja, ambalo mara nyingi lilikaliwa na watu wasio wateja. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho na likaishia hukohuko. Hata mkewe, tena mbele ya wageni, alimwita Kinyozi.

Kazi ya kunyoa ni kazi ya kushika watu. Kinyozi alikigeuza kichwa chako kwa vidole viwili, akakuinamisha, akakukunja sikio, nawe ukatulia tuli hata kama nyumbani kwako wewe ndiye simba. Lakini yeye mwenyewe kushikwa hakutaka. Ukimpiga begani kwa utani, alisogea. Shangazi zake wakimkumbatia, alikakamaa kama ubao wa kupigia pasi. Ndivyo alivyoumbwa, na hakuna aliyejali mpaka moto ulipotokea.

Umeme ulikatika mteja akiwa kanyolewa nusu kichwa. Kinyozi akawasha jenereta, ikakoroma kidogo ikaishiwa mafuta, naye akaiongezea petroli ingali ya moto, kwa sababu mteja alikuwa na haraka na nusu kichwa ni aibu. Kila mtu pale benchini alijua kwamba jambo hilo halifai, na kila mmoja alishawahi kulifanya. Safari hii ililipuka. Moto ukampanda upande wa kulia: mkono, kwapa, ubavu, mpaka shingoni chini ya sikio. Seremala ndiye aliyetoka mbio kwenye karakana yake na turubai lililolowa maji, akamfunika, akamgaragaza chini mpaka moto ukazima.

Alikaa hospitali miezi kadhaa. Walimtoa ngozi pajani wakaipandikiza kwapani, wakamfunga, wakamfungua, wakamfunga tena, na siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani mtaa mzima ulishangilia kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Hayo aliyafafanua mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mfupi mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na upole hata chembe, ambaye wagonjwa wote walimwita Dada wa Mazoezi.

"Kidonda kimefunga, lakini kovu halijatulia," alimwambia mke wa Kinyozi. "Litaendelea kujikunja na kuvuta, mwaka mzima, pengine zaidi. Na kwapani ndiko linakovuta kuliko kote. Mkiliacha, litaushona mkono ubavuni."

"Sasa tufanyeje?"

"Asubuhi na jioni, na mchana mkiweza. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Unabonyeza kwa kidole gumba mpaka kovu libadilike rangi, unazungusha polepole, halafu unaunyanyua mkono mpaka ngozi ikaze, unaushikilia hapo. Atasema inauma. Inauma kweli, mama, sikudanganyi. Mnyanyue hivyohivyo. Ila usivute kwa nguvu mpaka ngozi ipasuke, maana hapo tutakuwa tumerudi nyuma."

Mke wa Kinyozi alikuwa dobi. Mikono yake ilikuwa imekamua mashuka ya nyumba za wageni tangu hajaolewa, na katika vidole gumba vyake kovu lilipata mwenzake. Alimsugua mumewe alfajiri kabla ya kwenda kwenye pasi zake, akamsugua jioni aliporudi, na mumewe, ambaye hakuna mtu mwingine duniani aliyeruhusiwa kumgusa, alijikaza kisabuni na kuangalia ukutani. Hakupenda aangaliwe. Alinunua mashati ya mikono mirefu yenye kola ndefu, akawa anayavaa kwenye jua la kuchoma huku kovu likimwasha kama siafu wamehamia ndani.

Ilipofika zamu ya mchana, mkewe aliliendea benchi. Walikuwepo watatu wa kila siku: Seremala, mwenye bucha, ambaye alikuwa akitoka kati ya mteja na mteja huku aproni yake ikiwa na damu, na mzee mmoja aliyestaafu posta, ambaye kwa kuwa alikuwa hajapata kazi nyingine ya kujisifia, aliitwa Mstaafu.

"Ninyi si mnashinda hapa mkibishana mpira?" alisema. "Basi mchana, huyu ni wenu."

"Shemeji, sisi tumsugue?" Mwenye bucha aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwani mikono hiyo umeazima?"

Wakakubali. Akawafundisha kwenye mkono wake mwenyewe, akiwakaripia mmoja mmoja, na kuanzia hapo kila mchana benchi likawa na kopo la mafuta. Ila Kinyozi aliwapa mkono mpaka kwenye kiwiko tu. Alikunja shati vizuri, akalikunja mara moja zaidi, basi. "Hapa panatosha," alisema, kisha akaanza maneno, maana alijua watu hao: ukiwapa hadithi tamu wanasahau walichokijia. Walisugua kiganja, wakasugua kifundo, wakacheka mpaka mbavu zikauma, na kwapa likabaki palepale na mambo yake.

Kisha ikaja hamu ya kazi. Mashine alikuwa akiiendesha kwa mkono wa kulia, na mkono huo haukupanda hata kufikia kifua. Akajaribu wa kushoto. Mstaafu alijitolea kichwa, kwa kuwa hakikuwa na mengi ya kupoteza, na alipojitazama kwenye kioo alijipapasa kichwa pande zote mbili. "Nimependeza," alisema hatimaye, akavaa kofia, na hakuivua mpaka nywele zilipoota upya. Siku hiyo Kinyozi alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani bila kumtania mtu njiani, na hilo liliwauma wenzake kuliko kumwona hospitalini.

Seremala ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiongea na mbao zaidi ya watu, na mapenzi yake kwa rafiki yake alikuwa hajui ayatamke vipi. Akaamua kuyafanya kwa msumeno. Asubuhi moja kabla kibanda hakijafunguliwa alikichukua kile kiti, akakipima, akakikata miguu yote minne, akapiga msasa mahali alipokata na kupaka vanishi. Mteja akikikalia, magoti yalimfika masikioni na kichwa chake kikawa usawa wa kitovu cha kinyozi.

Na ilifanya kazi, msidhani haikufanya. Kinyozi aligandisha kiwiko ubavuni, akainamisha mashine, akanyoa. Akanyoa wa kwanza, akanyoa wa pili, umbea ukarudi, mzaha ukarudi, watu wakaanza kusubiri tena. Watu wazima wenye heshima zao walijikunja pale chini kama watoto wa chekechea, na hakuna aliyenung'unika. Jioni ile Kinyozi alifika nyumbani akipiga mluzi. Kila mtu alifurahi, na mimi ningekuwepo ningefurahi vilevile, lakini tangu moto ule hajawahi kutendewa jambo baya kuliko hilo, na aliyemtendea ni mtu aliyempenda kupita wote.

Kliniki iliyofuata, Dada wa Mazoezi aliushika mkono, akaupima, akaupima tena kana kwamba tepu imekosea.

"Umeshuka," alisema. "Mnafanya mazoezi kweli?"

"Dada, tunafanya," mke alijibu, na karibu aape. "Asubuhi mimi, jioni mimi."

"Na kati ya asubuhi na jioni anafanya nini?"

"Ananyoa."

"Ananyoa vipi na mkono huu?"

Wiki hiyo akaja mwenyewe. Alikuwa na kawaida ya kuwatembelea wagonjwa wake, akiamini kwamba mgonjwa wa hospitalini na mgonjwa wa nyumbani ni watu wawili tofauti. Alisimama mlangoni mwa kibanda, akamwona mwenye duka la viatu amechuchumaa kwenye kiti kama anayejisaidia, na Kinyozi juu yake amebana kiwiko ubavuni, ananyoa kwa raha zake. Alitazama miguu ya kiti. Alitazama vanishi.

"Kiti hiki kakikata nani?"

Seremala alisimama pale benchini, kifua mbele. Mara moja moja katika maisha yake alikuwa akisifiwa na alidhani hii ni mojawapo. "Ni mimi, dada."

"Umekikata vizuri, kaka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Ila mkono usiopewa sababu ya kupanda haupandi. Huyu mngemwacha ahangaike kuvifuata vichwa juu, angekuwa anavuta kovu kutwa nzima bila kujua. Mmemshushia vichwa, kovu nalo limepata likizo." Akamgeukia Kinyozi. "Na wewe, hao wanaokusugua mchana, wanakusugua wapi?"

Kinyozi aliivuta chini mikono ya shati lake. Mwenye bucha akamwonyesha: kutoka hapa mpaka hapa kwenye kiwiko.

Dada alivuta pumzi. "Nisikilizeni. Akija kliniki ijayo, mkono huu lazima ufike usawa wa bega na upite. Usipopita, daktari atalifungua kwapa upya na kupandikiza ngozi tena. Siwatishi. Ndivyo itakavyokuwa."

Kinyozi hakuogopa kisu. Alichoogopa ni kuogeshwa kule wodini kila asubuhi, bandeji zinavyong'olewa, na yeye mtu mzima akiwaomba wauguzi wasichana wamhurumie. Alikuwa amejiapiza kwamba hatarudi kule akiwa hai. Aliiweka mashine chini.

Seremala uso ulimshuka, akaondoka, na kesho yake hakuja benchini. Wala siku iliyofuata. Kutoka karakana sauti ya randa ilisikika, lakini Kinyozi akipita, randa inanyamaza, na akishapita inaendelea. Nywele za Seremala zikarefuka, naye alikuwa mtu ambaye hajawahi kuacha zifunike ncha ya sikio.

"Anaona haya," alisema Mstaafu.

"Aone," alijibu Kinyozi, naye alikuwa na hasira za kweli, hasira za mtu anayejua kuwa nusu ya kosa ni lake. Maana Seremala alikata kiti hadharani. Yeye alilificha kwapa.

Mkewe alimsikiliza siku mbili, akachoka. Alikuwa amemkalisha kwenye kigoda uani, mkono ameunyanyua mpaka unapogoma.

"Kesho nenda kwa shemeji," alisema.

"Nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Wewe umekuwa ukiongea tangu uzaliwe na umefika wapi?" Akausogeza mkono juu kidogo, Kinyozi akang'ata meno. "Mimi vidole gumba vyangu ni viwili tu, baba watoto. Saa nikiwa kwenye pasi, kovu linavuta. Nalisugua jioni, mchana linarudi lilikotoka. Siwezi peke yangu. Nimejaribu, siwezi."

Kinyozi alikuwa hajawahi kumsikia mkewe akisema hawezi. Asubuhi akapitiliza kibanda chake bila kukifungua.

Karakana ilikuwa wazi upande wa barabarani. Seremala alikuwa ameinamia mlango ambao haujaisha, maranda yamemjaa viatuni, gundi inachemka pembeni. Alimwona Kinyozi, akashika randa kana kwamba ndiyo itakayomjibia.

"Fundi."

"Kinyozi."

Halafu wote wawili wakaitazama gundi.

Kinyozi aliweka kopo la mafuta juu ya meza ya kazi. Akaanza kufungua vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Vilikuwa vingi, vidogo, na hakuna aliyemsaidia. Akalivua upande mmoja, akalivua upande wa pili, akalitundika kwenye msumari, akabaki kifua wazi pale barabarani, na kovu lake lote jekundu lenye mikunjo, kuanzia sikioni mpaka ubavuni, likaona jua kwa mara ya kwanza. Mama mmoja aliyebeba ndoo alipita, akatazama, akatoa salamu, akaendelea na safari yake. Kinyozi aliitikia salamu.

"Shika," alimwambia Seremala.

"Nitakuumiza."

"Umeshaniumiza. Sasa niumize kwa faida."

Seremala alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akachota mafuta, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa kwapa, kwa woga kama anayegusa chungu kilichotoka jikoni, na akakaa hivyo bila kubonyeza. Kinyozi akakakamaa. Wakasubiriana. Kisha kidole kikaanza kutembea, kikafuata mkunjo mmoja mpaka mwisho wake, kikafuata wa pili, na uso wa Seremala ukabadilika, ukawa ule uso anaokuwa nao akipapasa ubao kabla ya kuuranda.

"Linavuta kuja huku," alisema.

"Ndiyo."

"Basi nilisukume kwenda kule."

"Wewe si ndiye fundi?"

Akasukuma. Kinyozi alipiga ukelele uliomtoa mwenye bucha na kisu mkononi. Kisha akatukana. Aliitukana randa, akautukana msumeno, akaitukana misumari yote ya dunia na aliyeivumbua nyundo, na Seremala, machozi yakimtiririka, akawa anaitikia "ndiyo, ndiyo" na kuendelea kusugua. Walipomaliza, wote wawili walikuwa wamelowa jasho. Seremala alimnyoosha mkono, akaunyanyua taratibu mpaka ngozi ikakaza, akaushikilia hapo huku akihesabu kimyakimya kama anayesubiri gundi ishike.

"Nywele zako zinatia aibu mtaa," Kinyozi alimwambia, akihema. "Twende nikunyoe."

Kuanzia hapo mambo yakageuzwa. Seremala alikirudishia kiti miguu, yaani vipande vya mbao chini ya kila mguu, akavifunga kwa skrubu, na kila benchi lile lilipoamua kwamba mkono umezoea, akaongeza vipande vingine. Kiti kikarudi urefu wake wa zamani, kikaupita, kikaendelea kupanda. Mteja akawa anakwea kreti ya soda kwanza ndipo akae, na akishakaa anaona mtaa mzima kwa juu. Kinyozi alikifuata kichwa huko huko, akilaani na kunyoa. Sheria nayo ikatungwa: anayesubiri zamu anasugua. Mwenye haraka anasugua zaidi. Mwenye bucha ndiye aliyegombaniwa siku za joto, maana mikono yake ilitoka kwenye friji la nyama, na kovu linalowasha likiguswa na mikono hiyo, Kinyozi alifumba macho kwa raha mpaka watu wakamwonea haya. Shati alilivua asubuhi akifika na kulivaa akiondoka. Watu waliangalia, wakazoea, wakaanza kumtania, na siku alipotaniwa ndipo alipojua kwamba wamezoea kweli.

Siku ya kliniki walikwenda watatu: yeye, mkewe na Seremala, ambaye hakualikwa lakini alivaa viatu vya kutokea akawasubiri barabarani.

Dada wa Mazoezi alimsimamisha kando ya ukuta. "Nyanyua mwenyewe, taratibu, kwa upande."

Mkono ukapanda. Ukapita kiuno, ukapita mbavu, ukaanza kutetemeka, na karibu na bega ukagoma. Jasho likamtoka. Kila kitu mwilini mwake kilikuwa kimejikaza, mpaka taya.

"Pumzika. Legeza bega. Tena."

Ukagoma palepale, chini kidogo ya bega. Dada akapima, akakunja tepu polepole, na wote wakamwona anavyotafuta maneno. "Umepanda sana tangu siku ile," alisema. "Sana. Lakini haujapita. Ngoja nimwite daktari auone, aamue yeye." Akatoka.

Seremala alitazama viatu vyake. Kinyozi alifungua mdomo amtanie mtu, yeyote. Ndipo alipoisikia sauti ambayo hakuitambua mara moja. Mkewe alikuwa analia. Hakulia siku ya moto. Hakulia wodini, wala siku walipombadilisha bandeji mbele yake, wala alfajiri hata moja kati ya alfajiri zile zote. Sasa alisimama katikati ya chumba, mikono yake mikubwa ya dobi imening'inia, kidole gumba kimoja amekifunga kitambaa kwa kuvimba, analia kwa kwikwi kama mtu aliyeishiwa kabisa.

"Mama watoto," Kinyozi alisema. Akamwendea. Mkewe alimzidi urefu, jambo ambalo Kinyozi hakulikubali hata mbele ya kioo, naye Kinyozi alimkumbatia jinsi alivyokuwa, bila kufikiri: akauzungusha mkono mabegani mwake, akamvutia kwake, akamwambia pole, pole mke wangu, kama ni kurudi wodini nitarudi, usilie. Alimshika hivyo, yeye asiyependa kushikwa, na hakuwa na haraka ya kumwachia.

Seremala ndiye aliyeona kwanza. Aliinua kidole, akafungua mdomo, akaufunga. Mlango ukafunguliwa, Dada akaingia na daktari nyuma yake, akaanza, "Mgonjwa mwenyewe ni…" akaishia hapo.

Ulikuwa mkono wa kulia, umepanda juu ya bega lake.

"Kinyozi," Dada alisema kwa sauti ndogo. "Usiushushe. Tafadhali, kaa hivyohivyo."

Alikuja kwa kunyata, akaikunjua tepu, akaipitisha kwapani na begani huku daktari ameinama kutazama.

"Dada," mke wa Kinyozi aliuliza, uso wake ukiwa umefichwa shingoni mwa mumewe, upande wenye kovu, "naweza kupenga kamasi?"

"Bado, mama. Usisogee kwanza."

Akatulia, akasubiri mumewe apimwe.